Sista, Nasikiliza Moyo Wangu Usiku Kucha

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa, kwa aya moja tu, magonjwa ya moyo yanayopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Barua zilizokuja hazikuuliza sana kuhusu moyo. Zimeuliza kuhusu hofu. Nimechukua saba. Kumbukeni kwamba mimi ni muuguzi niliyegeukia ushauri nasaha, si daktari wa moyo, na kwamba swala hili liko nyumbani kwetu pia: tulimzika ndugu yetu, na mimi mwenyewe hurudi kliniki ya moyo kila baada ya miaka mitatu.

*Sista, kakangu alianguka uwanjani akicheza mpira, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Ni miezi minane sasa. Tangu siku hiyo najishika shingoni kusikiliza mapigo, pengine mara hamsini kwa usiku mmoja. Nimeenda hospitali tatu, wote wanasema ni mzima. Mbona siamini? Nina miaka 24. – Kijana, Umoja*

Pole sana, mdogo wangu. Miezi minane kwa msiba kama huo ni jana.

Umebeba mizigo miwili kwenye gunia moja. Wa kwanza ni swali la haki la kitabibu. Kijana mwenye nguvu zake anapoanguka akikimbia, madaktari huwaza, pamoja na mengine, ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 500 anao, na wengi wao huzeeka nao bila shida kubwa. Ndio uliokutwa kwa Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon aliyeanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 wakicheza na Colombia, akiwa na miaka 28. Sisi tuliokuwa mbele ya televisheni siku ile hatujasahau. Ndugu wa tumbo moja na mtu aliyekufa hivyo anastahili kupimwa kwa mpango, si kwa kubahatisha.

Kwa hiyo nakuuliza: hizo hospitali tatu zilijua habari za kakako? Watu wengi huingia usiku, wakasema tu moyo unadunda, wakapimwa presha na umeme wa moyo, ile ECG, wakarudishwa nyumbani. Hicho si kipimo cha familia. Nenda kwa daktari wa moyo mchana, na hadithi nzima mkononi: kaka alikuwa na umri gani, alikuwa akifanya nini, aliwahi kuzirai? Kuna mjomba aliyefia usingizini? Kuna aliyezama mtoni na ilhali alijua kuogelea? Upigwe ECG na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na daktari akiona vyema akukimbize kwenye mashine ya mbio huku moyo ukipimwa. Kabla hujatoka uliza, "Nirudi lini?" Andika hiyo tarehe. Wasiwasi usio na tarehe hujipangia zamu kila usiku.

Mzigo wa pili ni hofu yenyewe, na hii haitulizwi na hospitali ya nne. Ukishika shingo unapata nafuu nusu dakika. Ubongo unarekodi: tumepona kwa sababu alishika. Basi saa nyingine unadai tena, kwa sauti kubwa zaidi. Halafu moyo unaosikilizwa hujitangaza: ukilalia ubavu wa kushoto, sikio kwenye mto, utausikia hata kama ni wa mwanariadha. Mapigo yanayoruka mara moja moja huwapata hata watu wazima wa afya. Niliwahi kukaa na kijana ambaye ngozi chini ya taya ilikuwa imechubuka na kugeuka nyeusi kwa kushikwashikwa. Hatukuanza kwa kumwambia aache. Tulianza kwa dakika tano. Hamu ikija, anatazama saa ya ukutani, mikono juu ya blanketi, anangoja. Ikiisha tano na bado anataka, ashike. Wiki iliyofuata kumi. Alisema usiku wa tatu ndio ulikuwa mbaya kuliko yote, kisha hamu nyingine zikaanza kupita bila yeye kukumbuka kushika. Jaribu hivyo, na utafute mshauri wa kukushika mkono, kwa maana kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa hofu ya aina hii.

Kuna jambo hukuliuliza. Nahisi unakesha kama bawabu ili mama yako asizike mtoto wa pili. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Naamini naye halali.

*Mume wangu alifariki mwaka jana. Daktari alisema ni misuli ya moyo iliyonenepa, ugonjwa wa kurithi. Mama mkwe anasema ni mkono wa mtu, na macho yananiangukia mimi. Nina wavulana wawili, 11 na 6. Mkubwa nimemkataza mpira. Kuwapeleka kupimwa naogopa. Si ni heri nisijue? – Mama, Kayole*

Mama, umefiwa na mume kisha ukafiwa na jamaa waliopaswa kukufariji. Nianze na hilo kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi.

Simcheki mama mkwe. Mwanawe aliamka mzima, na jioni hayupo. Kifo chenye mkosaji hubebeka kuliko kifo kisicho na mkosaji, ndipo akautafuta mkono wa mtu. Lakini ugonjwa huu unatembea upande wao. Shemeji zako na mawifi wanaweza kuwa nao, na mkwe mwenyewe au baba mkwe pengine ndiye aliyeupitisha bila kujua. Usiende kuwaambia haya peke yako ukiwa na uchungu, maana yatasikika kama kisasi. Mwombe daktari aliyemwona mumeo aandike barua fupi kwa familia: jina la ugonjwa, na kwamba wazazi, ndugu na watoto wa marehemu wapimwe. Mpe shemeji anayesikiliza, yule mmoja ambaye kila ukoo anaye. Aisome yeye mbele ya wazee. Karatasi yenye mhuri wa hospitali husema pale ambapo mjane hawezi.

Sasa wavulana. Mzazi akiwa na jeni ya ugonjwa huu, yaani chembe ya urithi inayouleta, kila mtoto ana nafasi nusu ya kuirithi. Hilo halimaanishi kwamba mmoja wa wawili lazima awe nayo. Ni sarafu inayorushwa upya kwa kila mtoto: wanaweza wote kuikosa, wanaweza wote kuipata.

Unasema ni heri kutojua. Lakini tayari unaishi kama umeshajua jibu, na ni lile baya. Mtoto wa miaka 11 amevuliwa mpira bila kuambiwa kwa nini, baada tu ya kufiwa na baba. Yeye anadhani anaadhibiwa, au anadhani naye anakufa. Kwa sasa, kumpumzisha mbio za kushindana hadi apimwe ni busara. Kumwacha hivyo mwaka mzima bila kupimwa si busara.

Eko haiumi. Mtoto analala kitandani, chumba kimefifizwa taa, anapakwa jeli ya baridi kifuani, na fundi anapitisha kifaa kama sabuni. Mwambie aombe kutazama skrini. Nimeona watoto wakihesabu kwa sauti jinsi vali zinavyofunguka na kufungwa, na mama pembeni ndiye anayelia. Kipimo kikiwa safi, watoto hurudi kila mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa moyo unaweza kubadilika wanapokua. Watu wazima kila mitatu hadi mitano. Ikiwa jeni yenyewe ilipatikana kwa mumeo, watoto wanaweza kupimwa hiyo tu kwa damu, na asiyekuwa nayo huachiliwa kabisa. Akipatikana nao, kuna dawa, kuna mwongozo wa michezo, na kuna vifaa vya kumlinda yule aliye katika hatari kubwa. Pata barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa moyo wa watoto. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta wapo. Ulizia mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini na wewe utatoa nini, nimeona akina mama wakigeuka dirishani pa malipo wakidhani watarudi wiki ijayo.

*Sista, mimi ni makanga, ruti ya Githurai. Juzi kwenye jam moyo ulienda mbio, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, nikajua leo naenda. Baada ya dakika ishirini ikaisha. Baba alikufa kwa moyo. Nitajuaje kama ni moyo au ni wasiwasi?*

Mara ya kwanza hutajua, ndugu yangu, wala usijaribu kujua peke yako. Pimwa ECG.

Shambulio la hofu hupanda haraka, hufika kileleni kwa kama dakika kumi, kisha hushuka. Huleta ganzi ya vidole na midomo kwa sababu unapumua kwa pupa, na huja hata ukiwa umekaa. Yanayonitia mimi wasiwasi ni haya: kuzirai ukiwa unakimbia au unabeba mzigo, kuzirai bila onyo lolote, moyo kwenda mbio hadi unaanguka, maumivu ya kifua kila unapotumia nguvu, au maumivu yasiyoisha. Lolote kati ya hayo, hospitali siku hiyo hiyo. Kuzirai kwa kusimama muda mrefu kanisani, ukitanguliwa na jasho na giza machoni, mara nyingi ni jambo lingine, ingawa kwa mtu mwenye historia yako bado ni la kumwambia daktari.

Ukishapimwa ukaambiwa ni wasiwasi, likija tena usiruke kutoka kwa gari. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa sita, na ulisubiri lishuke, kwa maana litashuka.

Tafuta pia baba alikufa kwa moyo upi. Presha iliyoachwa miaka ni moyo. Vali zilizoharibika baada ya maambukizi ya koo utotoni, ambazo hapa kwetu tunaziona sana, nazo ni moyo, na si jambo unalorithi kama jeni hizi tunazozungumzia. Na kama unatafuna muguka na kunywa vinywaji vya nguvu ili zamu iishe, mwambie daktari bila aibu. Vyote viwili vinaupiga moyo kiboko.

*Niko chuo, miaka 20. Nina QT ndefu kama mama yangu, natumia vidonge. Siku hizi sina hamu na chochote, nalala taa ikiwaka, na kuna usiku natamani nisiamke. Naweza kununua dawa za huzuni?*

Binti yangu, kwanza hilo la mwisho. Leo, si kesho, mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haina malipo, na anayepokea amefunzwa kusikiliza. Kama kile cha kutamani kimeanza kuwa mpango, nenda kasualti ya hospitali iliyo karibu ukiwa na mtu. Huzuni hii ni ugonjwa juu ya ugonjwa, na inatibika.

Dawa usinunue dukani. QT ndefu maana yake moyo wako, baada ya kila pigo, unachelewa kujichaji upya, na zipo dawa zinazouchelewesha zaidi. Katika za huzuni, citalopram na escitalopram ni miongoni mwa hizo. Katika za maambukizi, azithromycin na erythromycin. Fluconazole ya fangasi. Na baadhi ya dawa za malaria. Kwa hiyo kila unapofika kwa mfamasia, hata kwa kikohozi, sentensi yako ya kwanza iwe "Nina QT ndefu." Iandike kwenye kikaratasi nyuma ya simu. Daktari wa moyo na wa akili wakizungumza pamoja watakupa dawa inayofaa, na tiba ya mazungumzo haina madhara yoyote kwa umeme wa moyo. Anzia kwenye ofisi ya ushauri nasaha ya chuo. Vidonge vya moyo usiruke hata siku moja. Ukiharisha au kutapika sana, usikae nayo bwenini, kwa kuwa kupoteza potasiamu ni hatari kwako.

Mwambie pia unayelala naye chumba kimoja. Afunzwe kusukuma kifua: mikono katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Wanafunzi wengi niliowaona walianza kuzima taa baada ya rafiki kujua la kufanya.

*Nilipatikana na jeni ya moyo kutoka kwa baba, ila eko yangu ni safi. Wazazi wa mchumba wangu wanakuja kwetu Desemba kuzungumzia mahari. Mama anasema ninyamaze. – Roysambu*

Mwambie yeye, kabla ya Desemba. Wazazi wake si lazima. Habari za afya na za jeni ni zako. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti. Lakini huyu ndiye atakayelala kando yako, na watoto watakuwa wake pia.

Mama yako anakulinda kwa njia anayoijua. Huenda alimwona binti wa watu akirudishwa kwa sababu ya ugonjwa wa ukoo. Mheshimu, usimfiche, ila uamuzi ni wako. Mwite mchumba mahali mnapoweza kutembea, msitu wa Karura kwa mfano, kwa kuwa maneno magumu hutoka vizuri watu wakiwa bega kwa bega. Mpe ukweli kwa kipimo chake: nina jeni, sina ugonjwa, wengine wenye jeni hii hawaugui kamwe, nitapimwa kila baada ya miaka kadhaa, kila mtoto atakuwa na nafasi nusu, na kabla ya kushika mimba tutamwona daktari wa moyo. Kisha nyamaza umwachie muda. Akitaka siku mbili za kufikiri, mpe, si dharau.

*Nina kifaa cha kushtua moyo kifuani. Kilinipiga mara moja mwezi wa tatu. Tangu hapo sipandi ngazi, silali na mke wangu, naogopa kitampiga naye. – Mzee wa miaka 46, Rongai*

Mke wako hawezi kudhurika. Akiwa amekugusa kifaa kikifanya kazi, anaweza kuhisi mshtuko mdogo, basi.

Anayeweza kupanda ghorofa mbili bila maumivu wala kuishiwa pumzi, kwa kawaida moyo wake unalimudu tendo la ndoa. Mwulize daktari wako waziwazi, wameshaulizwa na wengi. Kujifungia kitini hakuzuii kifaa, kunadhoofisha miguu na ndoa. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen Juni 2021, akawekewa kifaa cha namna hiyo, akarudi Ligi Kuu ya Uingereza mwaka uliofuata. Sikuambii ucheze mpira, yeye alipimwa na madaktari wake na wewe una wako. Nakuambia kifaa si hukumu ya kuketi.

Andikeni huu mpango mbandike kwenye friji: kikipiga mara moja na ukajisikia vizuri, piga simu kliniki siku hiyo. Kikipiga mara mbili au zaidi kwa siku moja, au mara moja na ukabaki na maumivu, kizunguzungu au kukosa pumzi, hospitali mara moja. Kisha anza na ngazi za ghorofa ya kwanza, mke wako akiwa nyuma yako. Naye muulize alivyojisikia siku ile. Yeye ndiye aliyekuona ukipigwa.

*Baba alikufa ghafla akiwa na miaka 39. Kulikuwa na harambee, gari limeshalipwa, tukamzika Jumamosi bila uchunguzi wa maiti. Je, tumechelewa?*

Kwa baba, ndiyo. Kwenu, hapana.

Sisi tulifanya hivyo hivyo. Tuliambiwa uchunguzi utachelewesha safari, na hakuna aliyetaka akatwe. Ningejua ninayoyajua leo ningeomba, na nawaomba wanaosoma wakiwa na msiba wa ghafla wa kijana waombe, na waulize pia kama kipande cha tishu kinaweza kuhifadhiwa, kwa kuwa QT ndefu na wenzake hauachi alama kwenye moyo na ni jeni tu inayoweza kuuonyesha. Miaka mingi nilijilaumu kwa hilo. Kisha daktari mmoja akaniambia kwamba walio hai ndio ushahidi uliobaki. ECG na eko za watoto na ndugu za marehemu mara nyingi hufunua kile ambacho kaburi limefunika.

Anza na wazee kabla ya hospitali. Mkalishe shangazi mkubwa na chai na karatasi kubwa, mchore ukoo: nani, alikufa na miaka mingapi, alikuwa akifanya nini. Shangazi yetu alikumbuka kwamba mdogo wa babu alianguka akiteka maji, na wakasema ni nyoka, ingawa hakuna aliyeona alama ya jino. Ile karatasi, yenye doa la chai pembeni, ndiyo tuliyoingia nayo kliniki ndugu watano. Wawili kati yetu walipatikana na ugonjwa. Chora yenu wikendi hii, shangazi angali anakumbuka.